Mstari wa 1,408

Jina lako limefunikwa kwa utepe mweusi.
Ndivyo kanuni ya utafiti inavyotaka, na sina ugomvi nayo.
Kwangu mimi, chumba cha rekodi, Kisumu, feni mbovu,
wewe ni mwanamke, miaka hamsini na miwili,
mkata miwa,
presha ndiyo, sukari hapana,
kreatini mara nne ndani ya miaka sita,
na ukingoni mwa mstari herufi moja, F,
ambayo sihitaji kuelezwa.

Kazi yangu ni kuchapa. Picha ya ukurasa huku,
kompyuta huku, chai katikati.
Nimechapa mistari elfu moja mia nne na saba bila kusita.
Hapa nimesita.

Ile saba ina mkanda kiunoni.

Mimi ndiye ninayeifunga saba hivyo.
Mwalimu Kerubo alinicharaza kwa ajili yake darasa la tatu
na sikuacha.
Basi ni mimi. Awasi, dirisha la maabara,
mwaka wangu wa kwanza wa mshahara:
niliandika 137,
nikapiga mstari chini kwa rula,
nikasema, "Anayefuata."

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua.
Wewe hukuficha. Ulikinga mkojo kwenye kikopo,
ukanyoosha mkono, sindano ikachukua chake,
ukalipa mia mbili, ukangoja kwenye benchi
buti zako zikiwa na masizi ya miwa iliyochomwa.
Aliyeficha ni daftari.
137 ikalala Awasi.
188 ikalala Ahero.
340 ikalala mahali ambapo paa lilivuja na panya wakala kona.
Ndugu wa damu moja, sina neno bora,
wasiokutanishwa
mpaka alipokuja wa nne, Kisumu, 1,104,
na mashine ya kukusafisha damu mara mbili kwa wiki,
na muuguzi akikupimia maji kwa kikombe,
wewe ambaye dirisha la wodi yako
lilitazama ziwa zima.

Nelima wa takwimu, binti wa Webuye,
huzichukua namba kama zako akaziunganisha
zikawa njia inayopanda, kama barabara ya kwenda Nandi.
Usitazame ukubwa wake tu, husema, tazama mwendo.
Anauliza joto la mashambani.
Anauliza vidonge vya mgongo vinavyouzwa kibandani kimoja kimoja.
Anauliza mtu hunywa nini saa saba mchana katikati ya miwa,
na ni nani humletea.
Safu nzima ameandika *hatujui*,
bila aibu, kwa herufi za kawaida,
nami namheshimu kwa hilo kuliko kwa shahada yake.

Tangu Februari zahanati nane zinaandika kitabu kimoja.
Namba ikipanda mara mbili, mtu hupigiwa simu.
Leo zamu ni yangu.

Mwanamume, thelathini na minne, Chemelil.
"Nani amekupa namba yangu?"
"Uliiacha mwenyewe, ulipopimwa. Namba zako za damu zinapanda."
"Mimi siumwi."
"Najua."
Kimya. Nyuma yake trekta, na mtu anaita
Odindo! Odindo! lori linaondoka!
"Alhamisi," nikasema haraka. "Nauli tutakurudishia."
Akakata.

Ningemwambia nini? Kwamba kuna mama mmoja,
sina ruhusa ya jina lake, na hata ningekuwa nayo silikumbuki,
nakumbuka rula tu,
kwamba yeye ndiye anayempigia?
Angedhani ni matapeli.

Nimeandika: amepigiwa, saa nne na dakika kumi na saba.
Kwa kalamu kwanza, kabla ya kuchapa, tabia ya zamani.
Saba nimeifunga mkanda, nikaukaza.
Alhamisi ni keshokutwa.
Chai imepoa, imefanya ngozi juu,
na kwenye orodha wamebaki ishirini na sita.